Semei Kakungulu na Waandishi Wake

Mwaka 1939 H. B. Thomas alichapisha katika jarida la Uganda Journal makala juu ya maisha ya Semei Kakungulu, akayapa maneno mawili ya Kilatini kuwa kichwa: Capax Imperii. Maneno hayo yametolewa katika kitabu cha Tacitus, mwandishi wa tarehe za Warumi, pale anapomhukumu mfalme Galba ya kuwa watu wote wangalimdhania anaweza kutawala, lau asingalitawala. Thomas alichukua nusu ya kwanza ya hukumu, akaiacha nusu ya pili. Msomaji aliyefundishwa Kilatini humalizia mwenyewe kimoyomoyo. Asiyefundishwa hubaki na sifa tupu. Basi makala moja ina wasomaji wa namna mbili, na kila mmoja huondoka na Kakungulu wake. Tangu maisha haya yalipoanza kuandikwa palikuwa na jambo lililosemwa nusu, na uhakiki wa maandishi juu ya mtu huyu hauna budi kuanzia hapo.

Yamkini msomaji wa Bukoba, wa Ihangiro au wa Kimwani atauliza mambo ya Mbale yanamhusu nini. Yanamhusu zaidi ya adhaniavyo. Kakungulu alizaliwa karibu ya mwaka 1868 katika Koki, nchi ndogo iliyo kaskazini ya mto Kagera, ambayo watawala wake walijihesabu kuwa Wabito kama walivyojihesabu watawala wa Kiziba. Alikuwa mwindaji wa ndovu kabla hajawa jemadari. Alikwenda Buganda, akaingia katika utumishi wa Kabaka, akabatizwa Mprotestanti, na vita vya dini vya mwaka 1888 vikamkuta kijana mwenye bunduki na watu wa kumfuata. Katikati ya mwaka 1889, wakati yeye na wenziwe walipokuwa wakipigana ili Mwanga arudishwe katika kiti chake, msafara wa Stanley na Emin Pasha ulikuwa ukipita Karagwe, Ihangiro na Kimwani ukielekea kusini ya ziwa. Novemba 1890 Emin akarudi, safari hii chini ya bendera ya Wajerumani, akajenga boma la Bukoba. Januari 1892 Wakatoliki wa Buganda walishindwa huko Mengo; Askofu Hirth akavuka kuja upande wa Bukoba, na kabla mwaka ule haujesha misheni ya Kashozi ilikuwa imeanzishwa. Kakungulu alikuwa upande wa washindi. Basi katika habari za dini ya Kikristo Buhaya yeye yumo, ingawa hatajwi: alikuwa mmoja wa wale waliosababisha wengine kuvuka Kagera.

Mambo makuu ya maisha yake yajulikana, wala hayahitaji kurudiwa kwa urefu. Aliongoza majeshi ya Waganda yaliyofuatana na Colvile kwenda Bunyoro mwisho wa mwaka 1893. Alipata cheo cha Kimbugwe, ambacho kilikuwa kikubwa mno katika baraza la Kabaka, akagombana na Katikiro Apolo Kagwa, akakiacha cheo hicho mwaka 1895, akahamia Bugerere, ukingoni mwa Buganda, ambako amri ya Mengo ilikuwa nyepesi. Tarehe 9 Aprili 1899, katika nchi ya Lango, askari wake pamoja na wale wa Kiingereza waliwakamata siku moja Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, na wafalme hao wawili wakapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Seychelles. Baada ya hapo Kakungulu akaingia katika nchi za mashariki ya ziwa Kioga, ambazo Waganda waliziita Bukedi, jina lenye dharau ndani yake. Akajenga ngome moja baada ya nyingine hata Budaka, akawaweka watu wake kuwa wakubwa wa sehemu mbalimbali, akatoza kodi, akajiita Kabaka wa Bukedi. Aliamini ya kuwa Sir Harry Johnston, Mjumbe Maalumu wa Serikali ya Kiingereza, amemkubalia jina hilo. Maofisa waliofuata hawakulikubali. Mwaka 1902 aliondolewa Budaka, akapewa maili 20 za mraba chini ya mlima Elgon, yaani eka 12,800, na huko mwishowe akaujenga mji wa Mbale, na njia zake, na migomba yake, na soko lake. Kuanzia 1906 hata 1913 alikaa Jinja, rais wa Lukiiko la Busoga. Kisha akarudi Mbale, akaachana na kanisa lake, halafu na Serikali, akaanzisha jamii ya watu washikao dini ya Kiyahudi. Alikufa tarehe 24 Novemba 1928.

Hayo ndiyo maisha. Waliyoyaandika ni wengi kuliko inavyodhaniwa, na tofauti zao zinafundisha kuliko maafikiano yao.

Thomas alikuwa mtumishi wa idara ya ardhi na upimaji katika Uganda; mwaka mmoja kabla ya makala yake yeye na A. E. Spencer walitoa kitabu cha habari za ardhi na upimaji wa nchi hiyo. Sir John Gray, aliyeandika mwaka 1963 juu ya Kakungulu katika Bukedi, alikuwa jaji, na kwa miaka kadhaa alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Si jambo la bahati kwamba wasifu wa mtu huyu uliangukia kwanza mikononi mwa mpima ardhi na jaji. Mpima ardhi huuliza mpaka uko wapi. Jaji huuliza nani alipewa hati gani, na nani aliyekuwa na haki ya kuitoa. Maswali hayo ni mema, na kwa ajili yake maandishi yao yana usahihi wa tarehe na wa barua ambao mwanafunzi wa leo hana budi kuushukuru. Lakini kila taaluma ina sikio lake. Jambo kubwa katika maisha ya Kakungulu ni neno moja, nalo ni Kabaka. Neno hilo likipita katika mikono ya mkalimani huweza kutoka likiwa jingine. Kwa ofisa wa Kiingereza lingeweza kuwa lakabu tu ya mtumishi mkubwa aliye mbali na mji mkuu. Kwa Mganda ni neno lisilo na daraja la pili: aliyeitwa hivyo amekwisha kuwa, na akinyang'anywa hashushwi cheo, ameuzuliwa ufalme. Kesi ya Kakungulu ni kesi ya tafsiri kabla haijawa kesi ya hati, na katika kesi za namna hiyo mizani ya jaji hupima karatasi ilhali uzito umo katika lugha.

Kwa upande wa pili iko miswada ya Kiganda iliyoandikwa na watu waliomfuata au waliokuwa karibu naye. Mmojawapo, wa Paulo Kagwa, unamwita omuzira wa Uganda, yaani shujaa. Kwa msomaji aliyezoea wasifu wa Kizungu maandishi ya namna hii huonekana ni sifa mno na uchunguzi kidogo. Hukumu hiyo ni ya haraka. Msomaji wa Buhaya ana kipimo kilicho karibu zaidi naye. Katika nchi hii shujaa alisimama mbele ya Mukama akajitaja mwenyewe na matendo yake kwa maneno ya majigambo, na tendo hilo la kujigamba, kwebuga, lilikuwa na kazi yake: ni kiapo, na pia ni kukumbusha. Anayesema mbele ya bwana wake kwamba alikuwa wa kwanza kuingia bomani mwa adui anasema vilevile kwamba yamfaa kupewa kitu. Mulokozi, aliyezichunguza tenzi za enanga za Wahaya, ameonyesha jinsi fasihi ya mashujaa katika nchi hizi ilivyofungamana na ufalme na utumishi wa kifalme. Miswada ya Kiganda juu ya Kakungulu na isomwe kwa sikio hilo. Waandishi wake walipokuwa wakimwinua bwana wao walikuwa wakiinua na msingi wa viwanja vyao wenyewe; kama Kakungulu hakuwa na haki mashariki, na wao hawakuwa nayo. Sifa zao zina hesabu ndani yake. Jambo hilo haliziondolei thamani. Linatufahamisha jinsi ya kuzisoma.

Haja ya hesabu kama hiyo haikuzaliwa kwenye maziwa makuu. Bernal Díaz del Castillo, askari wa Kihispania aliyepigana chini ya Cortés katika Mexico, alizeeka Guatemala akiwa bwana wa nchi na wa watu waliogawiwa kwake wamtumikie na kumtolea ushuru. Akiwa mzee aliandika kitabu kikubwa cha vita vile, kwa kuchukizwa na López de Gómara, aliyekuwa ametoa tarehe yake mwaka 1552 bila kuwako huko, akimpa Cortés peke yake heshima iliyostahili kugawanywa kwa askari wote. Kitabu cha Bernal Díaz kilipigwa chapa mwaka 1632, yeye amekwisha kufa. Wasomi wanakisifu kwa uhai wake, na kwa haki. Lakini kila aliyekisoma kwa makini ameona pia kwamba ni madai ya askari anayeona hakulipwa vya kutosha. Askari wa mpakani, awe wa Guatemala au wa Budaka, ana shida moja isiyompata mtawala wa kurithi: haki yake yote imo katika yale aliyoyatenda, na matendo husahauliwa yasiposimuliwa.

Hapa ndipo inapofaa kumtaja mtu wa pili, ambaye kila mwanafunzi wa nathari ya Kiswahili amemsoma au anadhani amemsoma. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode. Brode aliyaweka katika hati za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika ziada ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Tippu Tip na Kakungulu hawakufanana kwa kabila wala kwa dini wala kwa biashara. Walifanana kwa hali. Kila mmoja alijipatia nchi mbali na kwao kwa bunduki na kwa watu wake mwenyewe. Kila mmoja alikubaliwa na Wazungu maadamu nchi ile ilikuwa bado haijafikiwa na Wazungu. Kila mmoja alipewa cheo ambacho kwa kweli kilikuwa kupunguziwa. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, katika nchi aliyoihesabu kuwa yake. Kakungulu alipewa maili 20 katika nchi aliyoihesabu kuwa yake yote.

Tofauti ni hii, kwamba mmoja alijiandika na mwingine aliandikwa. Nathari ya Tippu Tip ni nathari ya mtu asiyeomba kitu. Huhesabu frasila za pembe, huhesabu siku za safari, huweka mazungumzo ya watu kama yalivyokuwa au kama alivyotaka yawe, kisha huendelea. Akitaka kueleza jinsi alivyopata utawala wa Utetera husimulia kwa utulivu kisa cha ujamaa wa kale baina ya ukoo wake na ukoo wa wenyeji, wala hamshurutishi msomaji akisadiki. Kwa kuwa hajitetei, humshika msomaji kwa nguvu zaidi, na hilo ni hatari yake kubwa kama mwandishi. Husemwa kwamba mwaka 1895 alikuwa na mashamba saba Unguja na watumwa elfu kumi. Ukubwa wa jambo hili haulingani hata kidogo na nafasi linayopewa katika simulizi lake, ambalo macho yake yote yako bara, njiani. Msomaji hufurahia safari, akasahau kuuliza nani alikuwa akipalilia mikarafuu.

Kakungulu hakuacha kitabu cha namna hiyo. Kwa hiyo wasifu wake umekuwa kama shauri la nyumba ambayo mwenyewe hayupo: kila mtu humsemea. Kazi iliyo bora kuliko zote ni ya Michael Twaddle, iliyotoka mwaka 1993, ambayo yaeleza habari za Kakungulu na kuumbwa kwa Uganda toka 1868 hata 1928. Twaddle alisoma barua za Serikali na za misheni, aliitegemea sana miswada ya Kiganda, alizungumza na wazee. Fadhila yake ya kwanza ni kwamba alikataa kumfanya Kakungulu ama kibaraka ama shujaa aliyedhulumiwa. Mwaka 1962 A. D. Roberts alikuwa amekwisha kuandika juu ya ubeberu mdogo wa Waganda ndani ya ubeberu mkubwa wa Waingereza, na tangu hapo wanafunzi wengi walimchukua Kakungulu kuwa mfano tu wa kanuni hiyo. Mtu akiisha kuwa mfano haulizwi tena alitaka nini. Twaddle aliuliza. Katika kurasa zake msomaji huona jinsi mamlaka ya Kiingereza mashariki ilivyojengwa juu ya ngome, njia na watu wa Kakungulu, na jinsi ilivyowabidi Waingereza kumwondoa hasa kwa sababu alikuwa amefaulu.

Hata hivyo kitabu hiki kizuri kina kivuli ambacho hakikuondoka, nacho ni kile kile kilichomo kwa Thomas na kwa Gray. Katika wasifu wa mtu mmoja watu wengine wote hugeuka kuwa mazingira. Ngome ilijengwa: nani alibeba miti? Migomba ilipandwa Mbale: juu ya mashamba ya nani? Wagisu, Wagwere na Iteso huonekana wakishindwa, wakitozwa, wakiasi, wakitulizwa, kisha wakitoa wakubwa wao wenyewe kuchukua mahali pa Waganda. Hayo yote ni kweli. Lakini lini mmoja wao hufika katika ukurasa akiwa na jina, na neno lake mwenyewe, na hesabu yake ya kile kilichotwaliwa? Mara chache. Twaddle anawapa nafasi kubwa kuliko waliomtangulia, na bado nafasi hiyo ni ya mlangoni.

Swali hili si la kusukumwa pembeni kwa kusema kwamba wasifu ndio ulivyo. Katika Kagera linajulikana kwa jina jingine. Neno kibanja hutumika Buganda na Buhaya pia. Buhaya kibanja ni shamba la migomba la nyumba moja, lenye makaburi ya wazee ndani yake. Buganda, baada ya Mapatano ya mwaka 1900 yaliyowagawia wakubwa na watu binafsi elfu moja maili 8,000 za mraba, kibanja kilikuwa sehemu ya mtu akaaye juu ya ardhi ya mwingine. Buhaya nako kulikuwa na nyarubanja. Mukama aliweza kumpa ndugu yake au mtumishi aliyempendeza sehemu ya nchi yenye vibanja ambavyo tayari vina wenyewe, na tangu siku hiyo wenyewe wakawa wapangaji wa mtu ambaye jana hawakumjua. Hakuna aliyehama. Migomba haikuhama. Kilichohama ni ushuru. Watawala waliojua kupatana na Wajerumani, na Kahigi wa Kianja kuliko wote, walikuwa na nguvu za kugawa namna hiyo kuliko baba zao. Uhuru ulipokuja Bunge la Tanzania lilipitisha mwaka 1965 sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na wako Bukoba na Muleba watu wazima ambao babu zao walikuwa upande mmoja wa sheria ile au upande wa pili.

Msomaji wa namna hiyo akisoma kwamba Kakungulu alipewa maili 20 chini ya Elgon hawezi kuisoma sentensi hiyo kama aisomavyo mtu wa London. Thomas angesoma eneo. Gray angesoma hati. Paulo Kagwa angesoma malipo, tena pungufu. Mtu wa Ihangiro husoma nyarubanja, na swali lake la kwanza ni waliokuwamo ndani walifanywaje. Kwa uhakiki wa fasihi hili ni jambo zito, kwa maana laonyesha kwamba kitenzi kile kile "kupewa" hubadilika maana kwa kufuata mahali alipokaa msomaji. Katika Kiswahili kitenzi hicho kina faida ya pekee: kinadai mtoaji. Aliyepewa amepewa na mtu. Mwandishi wa Kiswahili atakayeyaandika maisha haya hataweza kusema Kakungulu alipewa Mbale bila kusikia papo hapo swali la nani alikuwa na Mbale ya kutoa. Wagisu waliliuliza swali hilo kwa sauti, na mjadala wa mji ule uliendelea muda mrefu baada ya wahusika wa kwanza kufa: karibu ya Uhuru Mbale iligombaniwa na wilaya za Bugisu na Bukedi, hata katiba ya Uganda ya mwaka 1962 ikautaja kuwa eneo la peke yake.

Yabaki sehemu ya mwisho ya maisha, na ndiyo waandishi wengi walioiharibu. Karibu ya mwaka 1914 Kakungulu alijiunga na Wamalaki, wafuasi wa Malaki Musajjakawa, waliokataa dawa za Kizungu. Akawapita hao nao. Mwaka 1919 alijitahiri na kuwatahiri wanawe, na inasimuliwa ya kuwa alipoambiwa kwamba hilo ni jambo la Mayahudi alikubali mara moja kuwa Myahudi. Mwaka 1920 Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, alikaa kwake miezi kadhaa akimfundisha kalenda na sikukuu. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kwa Kiganda kitabu cha kurasa 90 hivi, cha sala na kanuni, kwa ajili ya jamii yake ya Abayudaya huko Gangama.

Ni rahisi kuyasimulia mambo haya kama machweo: jemadari aliyenyimwa ufalme anazeeka, anachanganyikiwa, anakimbilia dini za ajabu. Mpango huo wa tanzia huvutia, maana humpa mwandishi mwisho uliokwisha kutengenezwa. Lakini hauafikiani na habari zenyewe. Mtu aliyechanganyikiwa hatungi kanuni za jamii zikadumu. Jamii ile ilipita katika kifo chake, ikapita katika amri za Idi Amin za miaka ya 1970 zilizoizuia kuabudu hadharani, na ipo hata leo karibu na Mbale. Ngome za Budaka hazikudumu hivyo. Ukilinganisha mambo aliyoyaanzisha, hili la mwisho ndilo pekee ambalo hakupewa na mtu wala hakunyang'anywa na mtu. Bukedi alihitaji kibali cha Johnston. Mbale alihitaji hati. Urais wa Busoga ulikuwa barua ya kuajiriwa ambayo ingeweza kufutwa kwa barua nyingine. Jumamosi haikuhitaji sahihi ya Kamishna. Arye Oded, aliyeichunguza jamii hiyo tangu miaka ya 1960, aliiandika kwa heshima inayoistahili. Ila kwa kuwa shabaha yake ni dini, hakuwa na haja ya kuirudisha Gangama mpaka Budaka. Kazi hiyo bado inamngoja mtu, naye itambidi akisome kitabu cha mwaka 1922 kama andiko la mtawala. Kanuni za nani ale nini, nani apumzike lini, nani awe ndani ya jamii na nani awe nje yake, ni kanuni za nchi. Basi yule ambaye husemwa hakuacha kitabu aliacha kimoja, ila hakikupangwa katika rafu ya wasifu.

Iwapo maisha haya yataandikwa kwa Kiswahili, na yafaa yaandikwe, mwandishi atajaribiwa kuyaanza Lango siku ile ya Aprili 1899, kwa kuwa hapana tukio kubwa kuliko lile. Afadhali asianze hapo. Aanze na tukio dogo la miaka ishirini na minne baadaye. Mwaka 1923 Kabalega, mzee mwenye mkono mmoja, aliruhusiwa kutoka Seychelles arudi kwao. Hakufika Bunyoro. Alifia Jinja, katika mji ule ambao yule aliyemkamata aliwahi kukaa miaka saba akiwa rais wa baraza la nchi si yake. Wakati huo Kakungulu alikuwa Gangama, mwendo wa siku chache upande wa mashariki, kitabu chake cha sala kimekwisha mwaka mmoja tangu kupigwa chapa.